Ramani ya Shingo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine pale nyumbani aliyeiweza kama yeye: kuokota pini. Alitambaa chini ya meza ya kukatia nguo akiburuta sumaku iliyofungwa kwenye uzi, na sumaku ikazidonoa pini moja moja, tik, tik, kama kuku kwenye uwanja wenye punje.

"Umemaliza?" mama yake aliuliza huku akitia mafuta cherehani.

"Bado moja, Mama. Imejificha."

"Ya kujificha ndiyo inayochoma. Itafute."

Jina la Sindano si lile aliloandikishwa shuleni. Alipewa na mama yake mdogo, siku alipopita kwenye upenyo wa mlango ambao hata paka angeomba afunguliwe. "Huyu si mtoto," Mama mdogo alisema, "ni sindano imevaa gauni." Jina likashika. Kichekesho ni kwamba Sindano mwenyewe hakuna kitu alichokiogopa duniani kama sindano ya hospitali. Za kushonea alizishika kutwa nzima. Ya hospitali, akiisikia tu ikitajwa, anatafuta pa kujificha.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana ya mama. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu, pasi, na ukutani, kwenye misumari, zilining'inia ramani. Ramani ndilo neno alilolitumia mama kwa zile karatasi ngumu alizozikata kwa umbo la kifua, mgongo, mkono au mfuko, kisha akazilaza juu ya kitambaa na kukifuata ukingo wake kwa chaki. Kila nguo iliyotoka pale ilikuwa imezaliwa na ramani. Sheria ya kwanza ya karakana ilikuwa fupi: ramani haichezewi.

"Kitambaa kikiharibika, nimepoteza kitambaa," mama alikuwa akisema. "Ramani ikiharibika, nimepoteza kila nguo itakayozaliwa nayo."

Chumba cha nyuma alilala Mama mdogo, ambaye wote walimwita Mamdogo. Alihamia kwao alipoanza matibabu kwenye hospitali kubwa, kwa sababu nyumba yao ilikuwa karibu. Alikuwa amekonda, kitambaa hakimtoki kichwani, lakini ulimi wake haukuwa umekonda hata kidogo. Sindano hakuambiwa anaumwa nini. Siku moja tu alimsikia mama akiongea kwenye simu: "Ni saratani, wamesema ni ya shingo ya..." Kisha mlango ukafungwa.

Basi tangu siku hiyo, kila jioni Sindano alichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akamkanda Mamdogo shingo. Alimkanda kwa makini, polepole, akitafuta mahali palipovimba. Hakupaona. Mamdogo alifumba macho akafurahia, wala hakuuliza. Nani aliye mgonjwa akakataa kukandwa?

*

Jumamosi moja mama alimsindikiza Mamdogo hospitali, akamwachia Sindano nyumba. Timu ya netiboli ya shule ilikuwa imeagiza mashati mapya, yale ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, yenye shingo ya duara. Ramani ya kifua ilikuwa imelazwa mezani tayari kwa kazi.

Sindano alitaka kujaribu tu. Alichukua mkasi mkubwa, akaweka kipande cha kitambaa chakavu juu ya ramani badala ya kuiweka ramani juu ya kitambaa, akakata kwa madaha kama fundi wa miaka mingi. Kitambaa kilikatika vizuri sana. Ramani nayo ilikatika vizuri sana. Pembe ya shingo ikaanguka sakafuni, na katika kuhangaika akaikanyaga ikachanika.

Angeweza kungoja mama arudi aseme. Hilo wazo lilimjia, lakini lilikuja likitembea, na woga ulikuja umepanda baiskeli. Alichukua mabaki ya ramani ya zamani ya mfuko, akakata kipande, akakibandika pale palipokatika kwa gundi ya utepe, ile ya rangi ya kahawia ya kufungia maboksi. Kipande kilizidi kidogo, kikachungulia ndani ya duara la shingo. "Haionekani," alijiambia. Aliigeuza ramani upande wa gundi ukatazama chini, na ule mviringo wa gundi akautumbukiza kwenye mkoba wake wa shule.

Mama aliporudi alikuwa na haraka na uchovu. Alikunja kitambaa tabaka juu ya tabaka, akalaza ramani, akapiga chaki, akakata. Sindano aliusikia mkasi ukila kitambaa, krach, krach, akajifanya anatafuta pini chini ya meza.

*

Jumatatu wauguzi walikuja shuleni kuwachanja wasichana. Wazazi walikuwa wamekubali kwenye mkutano, na asubuhi ile mama alimwambia, "Leo usivae sweta, mkono upatikane kwa urahisi."

Lakini njiani Sindano alikutana na rafiki yake, yule waliyemwita Redio kwa sababu hakuwahi kuzimwa.

"Umesikia?" Redio alisema. "Sindano yake ni hivi!" Akaonyesha kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko. "Halafu eti ukichomwa, huzai."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"We nawe! Watu ni watu. Mimi najua majina yao?"

Darasa lilipoitwa kupanga mstari, Sindano aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akajibanza nyuma ya stoo ya mafagio mpaka aliposikia wenzake wakirudi darasani. Cha ajabu, Redio mwenyewe alikuwa wa kwanza mstarini. Hakutaka habari yoyote impite, hata ikiwa ni ya kuchomwa.

Wakati wa kwenda nyumbani, Sindano alichomoa pamba kwenye kona ya mto wa kiti cha mwalimu, uliokuwa umefumuka, akaibandika mkononi kwa kipande cha gundi iliyokuwa mkobani.

"Umechanjwa?" mama aliuliza alipoingia.

"Ndiyo, Mama."

"Hukulia?"

"Hata kidogo."

Mama alimwangalia kwa uso uliong'aa kama aliyepokea zawadi. "Mwanangu jasiri," alisema, na neno lile lilimchoma Sindano kuliko sindano yoyote.

Hawakukaa sana, Redio akaingia kujaribu shati la kwanza. Mama alilikung'uta, akamvisha. Mikono ilipita. Kichwa kikaingia mpaka kwenye nyusi, kikagoma.

"Sukuma," mama alisema.

"Nasukuma!" sauti ilitoka ndani ya shati.

"Vuta pumzi."

"Sasa pumzi na kichwa vinahusianaje, mama fundi? Mmh! Masikio yangu!"

Mamdogo alitoka chumba cha nyuma akijishikilia ukutani, akaona mwili usio na kichwa ukizunguka karakana na kugonga meza. "Jamani," alisema, "leo Redio imepoteza mawimbi."

Walimchomoa. Mama hakucheka. Alichukua shati la pili, akapima shingo kwa utepe. La tatu. La nne. Yote yalikuwa na shingo finyu, na yote yalikuwa na kipembe kile kile upande wa kushoto, kama mtu aliyeota jino mahali si pake. Akaenda ukutani, akaitungua ramani, akaigeuza.

Alikitazama kile kipande cha mfuko. Akaitazama gundi ya kahawia. Kisha, polepole, macho yake yakahama kutoka kwenye ramani yakaenda kwenye mkono wa mwanawe.

"Njoo hapa."

Sindano alikwenda.

"Tangu lini hospitali wanabandika pamba kwa gundi ya kufungia maboksi?"

Alibandua pamba. Ngozi ilikuwa safi, hata alama ya mbu haikuwepo. Redio, kwa mara ya kwanza katika historia yake, alikumbuka ghafla kwamba anaitwa nyumbani, akatoka bila kuaga.

*

Sindano alitarajia kelele. Mama aliketi tu kwenye kigoda, ramani mapajani.

"Mashati nitayarekebisha," alisema. "Shingo ikiwa finyu unaipanua, ikiwa pana ndiyo umekwisha. Lakini hili la chanjo..." Alimwangalia mdogo wake.

"Mwache kwanza aseme," Mamdogo alisema. "Kwa nini ulijificha, mwanangu?"

"Naogopa sindano. Halafu wanasema ukichomwa huzai."

"Unajua chanjo ile inakinga nini?" mama aliuliza. "Inakinga ugonjwa huu huu anaoumwa mama yako mdogo!"

Sindano alishika shingo yake, akaipapasa kushoto na kulia.

"Lakini Mama, mimi shingo yangu haina kitu. Na hata ya Mamdogo nimeitafuta kila jioni, sijaona uvimbe."

Halafu Mamdogo akaanza kucheka, kidogo kidogo kama maji yanayotaka kuchemka, mpaka akalazimika kujishika tumbo. "Kumbe! Kumbe ndiyo maana shingo yangu inakandwa kama unga! Mimi nikasema mtoto huyu ana mapenzi, kumbe ni daktari!" Machozi yalikuwa yakimtoka, na mtu asingeweza kusema ni ya kicheko peke yake. "Mama we, si shingo hii. Ni shingo ya kizazi. Ni mlango wa mahali mtoto anapokaa tumboni mwa mama yake. Nao wanauita shingo, kama mama yako anavyosema shingo ya shati."

"Kosa ni letu," mama alisema taratibu. "Tulimfungia mlango, akabaki na nusu ya sentensi."

"Wauguzi wale wako zahanati mpaka kesho jioni, kisha wanahamia sehemu nyingine," Mamdogo alisema. "Wakiondoka, sijui watarudi lini. Asubuhi tunakwenda zahanati, sote watatu."

*

Zahanati ilinukia dawa ya kufanyia usafi. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akipanga chupa ndogo kwenye boksi la baridi. Sindano alimwamkia, akaketi kwenye ncha ya benchi, mahali ambapo mtu anaweza kukimbia.

"Sista," mama alisema, "huyu ndiye aliyetukimbia jana. Nataka aelezwe kwanza, ndipo achomwe."

Muuguzi alivuta kiti. "Vizuri. Mwili wako umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna nyuzi zinazoitwa kromosomu. Hizo zinabeba maelekezo: seli iweje, ifanye kazi gani, igawanyike lini, ikome lini. Seli inapogawanyika kupata mbili, kwanza inanakili nyuzi zote, ili kila moja ipate seti yake. Tuko pamoja?"

"Ndiyo."

"Sasa kuna kirusi. Hakina karakana yake. Kinaingia ndani ya seli na kutumia vifaa vya mwenye nyumba kujitengenezea wenzake."

"Mimi nilipoambiwa nina kirusi," Mamdogo aliingilia, "nikamwambia daktari, hata Kiingereza kinanishinda, Kirusi nitakiweza wapi?"

Muuguzi alicheka, kisha akaendelea. "Mara nyingi mwili unakifukuza bila hata mwenyewe kujua. Lakini kwa watu wachache kinang'ang'ania miaka mingi. Hapo kinaweza kuleta balaa. Seli ina walinzi wake, wanaokagua nyuzi na kuunga zilizokatika. Kirusi hiki kinawazima walinzi hao. Nyuzi zinakatika, na wakati mwingine kirusi kinapachika kipande chake mle mle kwenye kromosomu. Seli haijui. Inagawanyika, na kila inapogawanyika..."

"Inanakili na kile kipande," Sindano alisema.

Muuguzi alivuta kiti karibu zaidi.

"Kama mfuko ndani ya shingo," Sindano aliongeza kwa sauti ndogo. "Nilipachika kipande cha mfuko kwenye ramani ya shingo. Mama hakujua, akakata, na mashati yote yakatoka nacho."

Mama aliinamisha kichwa, akauma mdomo. Mamdogo alimshika Sindano kiganja.

"Hata mimi darasani sikuelezwa vizuri namna hiyo," muuguzi alisema. "Tofauti ni kwamba shati lililokosewa linakaa kimya mezani. Seli iliyoharibika hivyo inaweza kuendelea kugawanyika bila kukoma. Hiyo ndiyo saratani. Na haianzi leo ukaiona kesho. Inachukua miaka."

"Kinaingiaje?"

Mama alikohoa. Muuguzi hakukohoa. "Kirusi hiki kinaenezwa zaidi kwa kujamiiana, mambo ya watu wazima. Ndiyo maana tunachanja sasa, mkiwa bado wadogo. Kitasa kinawekwa kabla mwizi hajabisha hodi."

"Kwa hiyo Mamdogo naye akichomwa atapona?"

Muuguzi alimwangalia Mamdogo, na Mamdogo akaitikia kwa kichwa: mwambie.

"Hapana, mwanangu. Chanjo inafunga mlango. Haimtoi aliyekwisha kuingia. Mama yako mdogo ana matibabu yake, na anaendelea nayo vizuri. Hatuwezi kuahidi, ila tuna matumaini."

"Na kuzaa?"

"Chanjo haimnyimi mtu uzazi. Ugonjwa wenyewe ndio unaoweza kumnyima."

Mamdogo aligeukia dirishani. Nje kulikuwa na mwanamke anayembembeleza mtoto mgongoni. Alimtazama kwa muda, kisha akageuka, na uso wake ukiwa umetulia akasema, "Haya, Sindano. Mkutane na jina lako."

Sindano alikunja mkono wa shati. Aliunyoosha mkono, akauacha pale pale. Alifumba macho, akauma meno.

"Nimemaliza," muuguzi alisema.

"Bado hujaanza!"

"Nimemaliza, mama. Fumbua jicho."

Alifumbua jicho moja. Pale mkononi kulikuwa na pamba nyeupe na plasta ya kweli. "Keti kidogo kabla hujaondoka, tuone hali yako," muuguzi alisema. "Na ukiwa mtu mzima, njoo pia upimwe. Kitasa ni kizuri, lakini mwenye nyumba mwerevu anakagua na madirisha."

*

Mchana walichora ramani mpya. Mama alimpa Sindano penseli, akamshika mkono kwenye duara la shingo, wakaizungusha pamoja. Kisha wakaanza kufumua mashati, mshono mmoja baada ya mwingine. Mamdogo aliketi mlangoni penye mwanga, akichomoa nyuzi kwa ncha ya wembe.

"Mama," Sindano alisema, "ungenichapa tu."

"Ningekuchapa, ungejifunza kujificha vizuri zaidi." Mama alikata uzi kwa meno. "Sikiliza. Ramani kukatika ni ajali, hata mimi nimeshakata. Ungeniambia Jumamosi ile ile, tungechora nyingine tukanywa chai. Kosa likisemwa ni moja. Likifichwa halilali, linakaa kwenye cherehani na kujishonea wenzake. Mwili nao ni hivyo hivyo. Ukiogopa, sema. Usipoelewa, uliza. Kinga unapoipata mapema, ichukue mapema, maana kuna mishono ambayo ikishashonwa, kuifumua ni kazi."

Sindano aliendelea kufumua.

Redio alichungulia mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Mama alimwita kwa kidole, akamvisha shati lililorekebishwa. Kichwa kilipita kama barua kwenye bahasha.

"Redio," Sindano alisema, "yale ya kutozaa si kweli. Nimemuuliza Sista mwenyewe. Na sindano yenyewe ni fupi kuliko kidole chako."

"Mimi nilijua," Redio alisema. "Si nilichomwa wa kwanza?"

"Basi tangaza na hiyo."

"Natangaza sasa hivi!" Akaondoka na shati la watu mwilini, mama fundi akimpigia kelele alirudishe.

Jioni, maji yalipochemka, Sindano alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na taulo mkononi, hajui aingie au asiingie.

"Vipi leo?" Mamdogo aliuliza. "Daktari wangu amegoma?"

"Sasa si najua kwamba shingo hii haiumwi."

"Haiumwi, ndiyo." Mamdogo alifungua kitambaa, akainamisha kichwa mbele. "Kanda tu, mwanangu."